Mashine ni Nzima

4 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama amesema nianze kwa kukuuliza baridi ya huko mlimani inakufanyaje. Haya: inakufanyaje? Sisi huku tupo. Bibi goti lake la kushoto limepona, sasa analalamikia la kulia, nadhani hataki kuonekana ana upendeleo. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, anayaweka kwenye kiberiti na kuwafungulia wageni. Mama ni mzima. Amesema "msalimie," kisha akatoka chumbani kabla sijamuuliza nikwambie nini kingine.

Mimi ndiye yule mnayemwita Redio. Sijui nani alianza utani wa kumwita Redio mtoto asiyesema, lakini umeshika. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu nalijua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na linanikwama kwa vyote viwili. Kwenye karatasi ndipo ninapopata maneno. Kwa hiyo usishangae nikiandika sana.

Sasa jambo lenyewe. Pale Idara ya Maji, ofisini kwa Mama, ile mashine ya kompyuta uliyoifunga wewe kabla sijazaliwa bado ipo. Mama anasema hata wakati huo ilikuwa mtumba. Ina chumba chake peke yake, ina pazia, ina kiti ambacho hakuna anayekikalia, na imefunikwa kitambaa cha kufuma. Inavuma usiku na mchana, sijawahi kuikuta imezimwa. Ndani yake mna ramani ya mabomba ya mji mzima, na mahali pa kila vali ya kufungia maji. Ramani ya karatasi ililiwa na mchwa, wakabakiza jina la mchoraji tu.

Ramani nyingine iko kichwani mwa Fundi Bomba. Bomba likipasuka, anatembea barabarani, anakanyaga chini mara mbili, anasema "chimba hapa," na vali inakuwa hapo. Lakini Fundi Bomba anastaafu Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Siku hiyo wanataka ramani ya mashine ifunguliwe mbele ya watu wote, aikabidhi mwenyewe kwa mafundi vijana.

Tatizo ni hili. Mwezi uliopita walikuja wageni, Mkuu wa Idara akaamuru kioo kiwashwe waione. Kikawaka, kikaandika: DISKI IMEJAA. Mkuu akawaambia wageni kwamba huo ni ushahidi wa kazi nyingi. Wageni walipoondoka akaunda Kamati ya Diski ya Pili. Ina wajumbe saba. Diski yenyewe imeshanunuliwa, ni ya zamani pia, iko ndani ya kijisanduku chake. Kilichobaki ni mtu wa kuifunga, na Mama, ambaye ndiye huandika muhtasari wa vikao, aliinua kichwa akasema, "Binti yangu anajua kompyuta."

Mjomba, ninachojua mimi ni kuchapa insha kwenye maabara ya shule. Lakini Mama alikuwa ameshasema, na watu sita walikuwa wameshapiga makofi. Tafadhali nifundishe kufunga diski ya pili.

Nilimuuliza Mama kama wewe unaijua vizuri hiyo mashine. Akasema, "Mjomba wako anajua kila kitu cha mashine ile isipokuwa kuiangalia." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema sufuria linaungua. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mpwa wako,
Redio

*

22 Mei

Redio, mpwa wangu, marahaba.

Baridi ya huku huamka kabla yangu na hulala baada yangu, lakini tumezoeana. Kituoni tuko mimi, vipimo vya hali ya hewa na mbuzi mmoja. Asubuhi, mchana na jioni napima mvua, upepo na joto, kisha natuma kwa redio ya kituo. Mtandao wa simu haufiki. Gari la mafuta hupanda kila baada ya wiki mbili, na dereva wake ndiye posta yetu. Mpe pole Bibi, magoti yote mawili.

Nimefurahi kusikia mashine bado inavuma. Nisikilize vizuri, kuna mambo mawili tu.

La kwanza ni namba. Mashine ile huziita diski zake kama mwalimu anavyoita daftari la mahudhurio, kwa namba. Diski ya zamani, iliyo ndani, ni namba tatu. Nyuma ya kile kijisanduku cha diski mpya utaona kitufe kidogo na namba juu yake. Bonyeza mpaka isome moja. Ukiziacha zote mbili na tatu, mashine ikiita "tatu!" zitaitika zote kwa pamoja, makelele matupu, na haitamsikia hata mmoja.

La pili ni kizibo. Nyuma ya mashine, pale utakapochomeka waya mnene wa kijisanduku, utakuta kizibo cha chuma, kizito kidogo, ukubwa wa kiberiti. Hakina waya na hakiwaki taa, utadhani hakina kazi. Usikitupe! Kitoe pale ukichomeke nyuma ya kijisanduku, mwisho kabisa. Kazi yake ni kuiambia sauti ya mashine "hapa ndipo mwisho." Bila hicho, sauti hufika mwisho ikagonga na kurudi, na mashine inaanza kujijibu yenyewe.

Kuhusu alichosema mama yako: leo huku kumetoka jua zuri sana.

Msalimie, kama utawahi kabla hajatoka chumbani.

Mjomba wako

19 Juni. Mvua imeleta kifusi barabarani, gari la mafuta halijapanda. Barua hii ina wiki nne mfukoni mwangu, imeshika umbo la paja. Kama hujaipata, usiguse kitu.

*

16 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu lako, natumaini ni barabara tu. Bibi amegundua kiwiko. Mdogo wangu ameuza jino moja kwa mtoto wa jirani, mama wa mtoto amelirudisha kwa hasira. Mama ni mzima.

Kamati ilikutana tarehe kumi na mbili. Nilikaa nyuma ya kabati la mafaili, pazuri sana, hata Mkuu alinisahau. Mjadala mkubwa ulikuwa namba ya kuipa diski mpya, maana ina kitufe cha namba nyuma.

"Tatu," alisema mtunza stoo. Yeye ndiye huandika namba kwenye mali zote za Idara kwa rangi nyeupe. "Mashine kwenye daftari la mali ni namba tatu. Kiti chake tatu, pazia lake tatu, kitambaa chake tatu. Mkaguzi aje akute kitu cha namba nyingine ndani ya chumba cha namba tatu, nani atajieleza? Wewe, Mkuu?"

"Tatu," alisema Mkuu haraka.

Fundi Bomba alikuwa mlangoni, amesimama kwa sababu buti zake zina tope na haruhusiwi kukanyaga zulia. "Samahani. Haziwezi kugombana?"

"Fundi, hii siyo koki."

"Nauliza tu. Mimi vali zangu kila moja ina namba yake. Zikiwa na namba moja, nikiambiwa kafunge, nafunga ipi?"

"Iandikwe kwenye muhtasari," Mkuu alimwambia Mama, "kwamba Fundi ameuliza."

Mama akaandika. Wakapiga kura, saba kwa sifuri. Mimi sikuwa mjumbe.

Kesho yake nikaizima mashine, nikachomeka waya wa kijisanduku, nikabonyeza tatu kama muhtasari ulivyosema, nikaiwasha. Ikavuma. Wakapiga makofi, wakapiga picha, hata kabla kioo hakijapata moto. Mkuu amenipa cheti chenye muhuri: "Kwa Kufunga Diski ya Pili." Mama amekitilia fremu, kiko sebuleni juu ya kabati, mtu akiingia ndicho anachokutana nacho. Kila kitu kimekwenda vizuri.

Nina swali dogo, kwa elimu tu. Mashine ikiwa inavuma lakini kioo kimeandika mstari mmoja na kunyamaza siku tatu, inaweza kuwa inapumzika?

Redio

*

5 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma chooni, ndiko kwenye komeo. Nilipofika pale penye "usikitupe" nilikaa muda mrefu mpaka Bibi akagonga kuuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo. Haukuwa uongo mkubwa.

Naomba nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilijua. Kile kitabu cha maelekezo cha mashine ni cha Kiingereza, hakuna aliyewahi kukifungua, kurasa zilikuwa zimegandana. Nilikisoma chote kabla ya kikao. Kimeandika waziwazi, tena kwa herufi nene, kwamba diski mbili zisipewe namba moja. Nilikuwa nyuma ya kabati na sentensi ilikuwa tayari mdomoni, nimeitafsiri vizuri kabisa. Wakapiga kura. Nikaimeza. Fundi Bomba aliuliza kwa sababu hajui, na mimi ninayejua nikamwacha aandikwe kwenye muhtasari kama mpumbavu.

Mashine haijawaka tangu tarehe kumi na tatu Juni. Siku mbili baadaye niliingia peke yangu, nikachomoa kabisa ule waya wa kijisanduku, nikasema irudi ilivyokuwa. Haikurudi. Sasa kwa barua yako naelewa kwamba ni kile kizibo. Nilikitoa siku ile nikakiweka mezani, nikafikiri ni kifuniko cha vumbi. Sasa sikioni.

Cha ajabu ni kwamba hakuna aliyegundua. Lipo Daftari la Hali ya Mashine, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kila Ijumaa mtunza stoo anasimama mlangoni, anasikiliza, anaandika "Mashine ni nzima," anasaini. Ijumaa tatu sasa imekufa na ni nzima. Juzi nilijikaza nikamfuata.

"Mzee, ile mashine haiwaki."

"Inavuma?"

"Inavuma, lakini..."

"Basi."

"Lakini kioo hakiandiki kitu."

"Binti yangu, nikiandika kwamba si nzima, inabidi nijaze fomu ya uharibifu."

"Si ujaze?"

"Fomu zimo ndani ya mashine."

Kisha akaniuliza cheti changu kinaendeleaje.

Mjomba, nimeua ramani? Niambie ukweli. Kila nikirudi nyumbani kile cheti kinanitazama. Mama anakipangusa kwa kanga yake.

Redio

*

27 Julai

Redio,

Marahaba. Futa machozi. Hujaua kitu. Ramani haikuwa kwenye namba wala kwenye waya, iko kwenye diski ya zamani na haijaguswa. Mashine imekosa tu kusikia. Ipe kijisanduku namba moja, tafuta kizibo, kichomeke mwisho, iwashe. Dakika kumi.

Ushauri wangu: fanya siku ambayo ofisi ina watu wachache, kimyakimya. Daftari linasema ni nzima, basi itakuwa nzima, na hakuna atakayejua. Usimsumbue mama yako. Na kwenye lile daftari usiandike chochote, hata neno moja. Lile daftari waachie wenyewe.

Huku upepo umeng'oa bati la banda la mbuzi. Mbuzi sasa anaishi ndani na mimi, anakula magazeti ya zamani, ana habari kuliko mimi.

Mjomba wako

*

30 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Bibi amepona vyote na amechoka kwa kukosa la kusema. Shule imefunguliwa, naenda ofisini baada ya vipindi.

Kizibo nimekiona. Kiko juu ya meza ya Mkuu. Ana feni ya mezani inayopeperusha karatasi, na siku ile ya picha alikiona kinang'aa, akakichukua kukandamizia mafaili. Wageni wakimuuliza anasema ni kumbukumbu ya mradi. Nimepita mbele ya mlango wake mara kumi na tisa, nimehesabu. Mara ya kumi na nane nilibisha. Akasema "ingia," nikakimbia.

Nikasema labda stoo kuna kingine. Nikatafuta kwenye rafu za juu. Kizibo hakuna, ila nilikuta Daftari la Hali ya Mashine la kwanza kabisa, la miaka kumi na saba iliyopita. Mjomba, mwandiko ule ni wako. Naujua kutoka kwenye bahasha.

Ijumaa nne za mwezi mmoja, "Mashine ni nzima," mara nne, wino uleule, mkono uleule, hata doa la chai limepita juu ya zote nne. Na Ijumaa ya tatu kuna kipande cha karatasi kimebandikwa pembeni: siku hiyo mashine ilikuwa imepelekwa karakana, haikuwemo ofisini. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Si kweli." Na saini ya Mama, jina lake lote.

Nimemuuliza. Akasema, "Kamuulize aliyeandika kwa kalamu nyeusi."

Kuna jambo jingine na hili ndilo linalonikosesha raha. Jana Fundi Bomba alinisubiri getini, amevua kofia. Akasema, "Binti, hiyo ramani itafunguka kweli? Maana kichwa changu kinaanza kuvuja. Juzi kule karibu na shule nilikanyaga, nikasema chimba, wakachimba mpaka kiunoni, hakuna vali. Vijana hawakucheka. Afadhali wangecheka."

Nikamwambia itafunguka. Nilimwambia huku najua imelala imekufa, na kizibo kinakandamiza barua za mwaliko wa sherehe yake. Sasa na mimi ninaandika nzima, Mjomba, tofauti ni kwamba natumia mdomo. Halafu kwa mara ya kwanza maishani mdomo wangu haukukwama.

Niambie kuhusu ile kalamu nyekundu.

Redio

*

21 Septemba

Redio,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne zililiwa na mbuzi, na sikumzuia.

Lile daftari nililianzisha mimi. Wazo langu, nililipendekeza kikaoni, nikapongezwa. Wiki za mwanzo nilikuwa nawasha kioo, nafungua ramani, naangalia kila kitu, ndipo naandika. Kisha mimi na mtunza stoo tukawa na ligi yetu ya drafti kila Ijumaa. Mwezi ule niliandika Ijumaa zote nne siku moja, nikaenda kucheza. Yeye aliniona, akajifunza kazi.

Mama yako alikuwa na miezi miwili tu kazini. Aliletwa pale na mimi, kwa mkono wangu, nikamtambulisha kila chumba: "huyu ni mdogo wangu." Ndiye aliyeandika ile nyekundu. Mkuu wa wakati ule akatuita wote. Mimi nilikuwa fundi, nimevaa tai. Yeye alikuwa msichana wa kupiga chapa. Nikasema, mbele ya ofisi nzima, kwamba mdogo wangu ni mwongo na amezoea tangu utotoni.

Mama yako alifungua daftari penye ile karatasi ya karakana, akaligeuza liwaelekee, akarudi kwenye meza yake.

Ndivyo nilivyohamishiwa huku mlimani. Nyumbani nilisema nimepandishwa. Kwa namna fulani ni kweli, ni mita elfu mbili na mia nne.

Miaka kumi na saba napima mvua mara tatu kwa siku na sijaandika namba ambayo sikuiona kwa macho yangu. Makao makuu nadhani hawazisomi. Mwaka juzi niliandika mwishoni, "kipimo cha leo kimenywewa na mbuzi," na hakuna aliyeuliza. Mimi naendelea kupima. Lakini namba zote hizo bado hazijaweza kuandika sentensi moja kwa mama yako.

Ule ushauri wangu wa Julai, wa kimyakimya, usiufuate. Ulikuwa ushauri wa mtu wa drafti. Nenda kapite mara ya ishirini, ubishe, na safari hii usikimbie.

Mjomba wako

*

8 Novemba

Mjomba, shikamoo sana.

Sitaanza na Bibi leo.

Jumatatu nilibisha, akasema "ingia," nikaingia.

"Ooh, fundi wetu wa diski! Umefuata nakala ya picha?"

"Nimefuata hicho kizibo."

"Kipi? Hiki? Hii ni kumbukumbu."

"Ya nini?"

Akakigeuza, akatafuta maandishi, hakuyapata. Nikaona nikisubiri amalize nitakimbia. Nikasema: "Mashine imekufa tangu tarehe kumi na tatu Juni. Namba tatu ilikuwa makosa na nilijua kabla hamjapiga kura. Nilisoma kitabu. Sikusema kwa sababu niliogopa. Hicho ni kizibo cha mashine, bila hicho haisikii." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoiagiza. Nilishtuka mwenyewe.

Mkuu aliinuka akafunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mjomba wangu."

"Yuko wapi?"

"Mlimani."

"Vizuri. Abaki hukohuko." Akakaa. "Sasa sikiliza, binti. Daftari linasema mashine ni nzima. Ukiitengeneza, utakuwa umetengeneza kitu kizima. Nitaliandikaje hilo? Kikao gani kitapitisha?"

"Sijui. Naomba kizibo."

"Subiri baada ya sherehe. Siku ile tutaonyesha picha."

"Fundi Bomba hataki picha, anataka vali."

Nikanyoosha mkono nikakichukua. Feni ilikuwa inazunguka. Mafaili yote yakainuka kwa pamoja, barua za mwaliko, bajeti, muhtasari wa kamati, na Mkuu akawa anayakimbiza chumba kizima. Nikafungua mlango. Mama alikuwa pale nje kwenye meza yake. Vidole vilikuwa juu ya vitufe lakini hakuwa anapiga chapa, na nikajua amesikia yote tangu mwanzo. Akavuta droo, akatoa bisibisi, akanipa. Sijui amekuwa nayo tangu lini.

Fundi Bomba nilimkuta uani. Tukaingia naye na buti zake, juu ya zulia. Yeye alishika tochi nyuma ya meza, mimi nikabonyeza kitufe: nne, tano, sita, ikazunguka mpaka moja. Waya wa kijisanduku mahali pake. Kizibo mwisho. Nikaiwasha. Mjomba, iliandika mstari wa kwanza ikanyamaza, kama siku zote. Kisha ikaandika wa pili. Kisha ikaita tatu, tatu ikaitika peke yake. Ikaita moja, moja ikaitika. Fundi akasema, "Ahaa. Kumbe ni kama mimi nilivyouliza."

"Ndiyo," nikasema. "Na nilijua siku ile. Nisamehe."

Akanimulika na tochi kidogo. "Ungesema, kikao kingeisha mapema," akasema. "Buti zinaniuma nikisimama sana."

Unajua diski ilikuwa imejazwa na nini? Siyo kazi. Ni faili moja refu kuliko yote, lenye sentensi moja: "Printa haijibu." Printa iliondolewa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo kila dakika mashine imekuwa ikiandika kwamba printa haijibu, hakuna aliyesoma, nayo ikaendelea. Nilicheka mpaka nikaona haya. Nimelifuta. Kisha nikanakili ramani yote kwenye diski ya pili. Sasa ziko mbili, kila moja na namba yake.

Fundi Bomba alikalia kile kiti kisichokaliwa. Tulipitia vali moja moja. Ile ya karibu na shule ipo, ila ramani inaonyesha barabara ya zamani, kabla haijapanuliwa. Akapiga paja. "Umeona? Kichwa hakijavuja. Barabara ndiyo iliyohama!" Alirudia maneno hayo kwa kila aliyepita mlangoni. Kuna vali tatu anazozijua yeye na hazimo. Tumeziongeza. Ijumaa ya mwisho atawafungulia vijana mwenyewe, kwa kidole chake.

Ijumaa hii nilienda kwenye daftari kabla ya mtunza stoo. Nikaandika: "Mashine haikufanya kazi kuanzia 13 Juni hadi 2 Novemba. Diski mbili zilipewa namba moja. Aliyezifunga ni mimi, na nilijua. Leo nimeiwasha, nimefungua ramani, nimeiona." Nikasaini.

"Sasa haya yote yataenea kwenye safu gani?" mtunza stoo akauliza, akiwa amekasirika kweli.

"Nimeandika pembeni."

"Pembeni si pa kuandika!"

Kamati imekaa kikao cha dharura. Imeamua mambo mawili. Daftari liongezwe safu ya pili, iitwe "Kweli." Na cheti changu kirudishwe, kwa kuwa kilitolewa kwa diski namba tatu na diski hiyo haipo tena. Mama alikishusha mwenyewe. Ukutani pamebaki mraba msafi, na mgeni akiuliza Mama anamweleza kisa chote, bila kupunguza. Nakaa palepale nasikiliza. Naona haya, lakini nakaa.

Na jambo la mwisho. Jana nilirudi kulitazama daftari. Chini ya maneno yangu kuna wino mwekundu. "Ni kweli." Na saini, jina lote.

Bibi anakusalimu. Ni mzima, safari hii nimemwangalia.

Redio

Kaka,

Barua zako nimezisoma zote. Huyu mtoto anazificha chini ya godoro, na magodoro ya nyumba hii nayaanika mimi. Nilizirudisha kila mara kwa mpangilio uleule. Ile ya Septemba nilichelewa kuirudisha.

Mvua ya huko leo ni milimita ngapi? Gari la mafuta likishuka, shuka nalo uje uniambie mwenyewe. Ulichokiona tu.

Mdogo wako